Pikapu ya Margwe Haizimi

Tumati, Mbulu
12 Januari 2025

Dada Judica, shikamoo.

Barua hii utaipata kwa mkono wa Gidabuday, kondakta wa basi la Katesh. Nilimwomba akutafute hapo gereji mnapopima pampu, akaniambia nisihangaike kumwelekeza, kwamba kuanzia Katesh mpaka Nangwa mwanamke mwenye dizeli kwenye kucha ni mmoja. Miezi tisa sasa simu yako haipatikani. Fundi mzima unakosa simu? Haya, tumerudi kwenye karatasi kama enzi zile ukiwa bweni.

Sisi huku tupo. Mama anaendelea na metimani yake, kule kujitenga kwa wazee wetu baada ya kifo kibaya. Padre alikuja akaongea naye kwa upole kwamba siku hizi watu wameacha mambo hayo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akabaki palepale alipokuwa. Mpaka mwaka uishe haingii nyumba ya mtu, na kitu chochote alichokigusa mdogo wetu Margwe hakitoki nje ya boma. Majirani wanaacha maziwa getini, wanaita, wanaondoka kabla hatujatoka. Gidabuday peke yake ndiye anayepokea kitu mkononi mwangu, kwa sababu yeye ni Mdatoga na anasema mwiko wetu haumhusu. Karatasi hii ni ya juzi, marehemu hakuigusa, kwa hiyo inaruhusiwa kusafiri.

Sasa jambo lenyewe. Pikapu ya mdogo wetu bado ipo nyuma ya zizi, pale trekta ilipoiacha baada ya kuitoa korongoni. Nimeamua kuutengeneza mfumo wote wa dizeli mwenyewe, hapahapa nyumbani. Sitaki kuurudisha ulivyokuwa, nataka uwe bora kuliko ulivyotoka kiwandani, gari lisizime tena. Mama anasema Margwe hakumaliza safari. Alikuwa anapeleka vitunguu saumu vyetu Katesh, akaishia katikati ya maji. Tarehe 11 Aprili, mwaka ukitimia, anataka tupakie mzigo kama ule, tupite korongo lilelile, tufike. Yeye atakaa mbele.

Na mimi nina sababu yangu. Chujio la dizeli lililokuwemo siku ile nililifunga mimi, jana yake jioni, moja la mnadani lisilo na jina. Gari lilizima katikati ya korongo kwa sababu ya mkono wangu. Kila nikifumba macho naliona lile chujio, rangi yake ya kijani. Mama sijamwambia. Nilikuambia wewe tu, siku ya mazishi.

Niandikie vifaa ninavyohitaji na namna ya kuvifunga. Mimi ni mkulima, andika taratibu.

Ni mimi mdogo wako,
Joakimu Hhando


Nangwa, Hanang
19 Januari 2025

Joakimu, marahaba.

Kucha zangu ziache. Ndizo zimejaza hilo boksi.

Humo kuna pampu ya kunyonya, kubwa kuliko ya zamani. Kuna machujio mawili. Moja lina kikombe cha kioo chini, maji yote yaliyochanganyika na dizeli yatatulia pale na utayaona kwa macho. Kuna mipira mipya, nozeli nne za kurushia dizeli ndani ya injini, nilizozipima mwenyewe, na washa za shaba, zile pete za kuzuia kuvuja. Za zamani usizirudishe, hata zikionekana nzuri. Wewe una huruma na vitu vichakavu, nakufahamu.

Anza na tangi. Lishushe, limwage, lioshe kwa dizeli, maji usiyasogeze karibu. Kisha mipira, kisha pampu ya kunyonya, halafu machujio, nozeli mwisho. Kila tundu unaloacha wazi liwekee kitambaa safi, maana punje moja ya mchanga inatosha kuua nozeli. Ukimaliza toa upepo: legeza nati za nozeli, piga pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze.

Jambo lingine dogo. Nyuma ya pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, kuna solenoidi, kidude kama kidole gumba chenye waya mmoja. Ukiwasha swichi kinafungua njia ya dizeli, ukizima kinaifunga na injini inakufa. Hicho nilimpa Margwe mimi, Februari ya mwaka jana. Kifungue umpe Gidabuday aniletee. Nataka kukipima tu.

Kuhusu chujio, usiliwaze sana. Yameshapita.

Simu iliharibika. Mama mpe shikamoo yangu.

Judica


Tumati
3 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Kazi imechukua siku kumi. Nilitandika turubai chini, nikapanga kila kitu kwa mstari jinsi ulivyoandika. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, ananiangalia mikono. Kwenye tangi yalitoka madumu matatu ya tope jekundu. Jua lilikuwa limelichoma tangi tangu asubuhi, bati lake hushiki, lakini tope la mwisho lilitoka la baridi. Nililishika kwa vidole, likaniuma kama maji ya alfajiri. Nikaenda kulifukia mbali na sikurudi kuchimba.

Ijumaa nikatoa upepo. Tangi nilikuwa nimelianika, kwa hiyo nilizamisha mpira kwenye galoni ya lita tano iliyojaa dizeli. Nikawasha. Dada, gari lililokaa miezi tisa na tope ndani limewaka kwa mguso mmoja. Halikukohoa hata kidogo. Nililia, sikatai.

Nikaliacha robo saa, nikazima swichi. Likaendelea. Nikadhani nimekosea, nikawasha na kuzima tena. Likaendelea. Nikachomoa ufunguo kabisa, nikashuka, nikasimama mbele ya boneti ufunguo ukiwa mkononi mwangu, na injini inaunguruma kama kawaida tu, haina haraka, haina tatizo.

Mama akaja. Hakushangaa. Aliweka kiganja kwenye boneti, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ile aliyokuwa anamwamshia shule: "Margwe, inatosha mwanangu. Zima."

Ikazima.

Galoni ilikuwa bado nusu. Niliipima kwa kijiti. Tangu siku hiyo mama anakula vizuri, na asubuhi kabla ya kukamua anapita kumsalimia. Nimeandika kumsalimia, nimeiona, nimeiacha.

Solenoidi yako mama amekataa. Ndicho kitu cha mwisho Margwe alichokifunga kwenye gari lile. Anasema pale ambapo mkono wa marehemu ndio wa mwisho kukaza, mtu mwingine halegezi mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo nimebadilisha kila kitu kukizunguka, chenyewe nimekifuta vumbi tu. Nacho si kipya kuliko vyote? Kina shida gani?

Joakimu


Nangwa
9 Februari 2025

Joakimu,

Nisikilize vizuri. Ndani ya solenoidi kuna pistoni ndogo yenye springi. Umeme ukija inavutwa, umeme ukikatika springi inaisukuma inaziba njia. Ile imelala kwenye tope, imeshika kutu, imeganda ikiwa wazi. Ndiyo maana unachomoa funguo na injini inaendelea. Ni kutu. Gereji hapa naona mbili kila mwaka.

Na ilizima kwa sababu mpira wako kwenye galoni ulivuta hewa. Mama alisema neno wakati huohuo, basi.

Ikigoma tena kuzima, kanyaga breki mpaka mwisho, weka gia namba nne, achia klachi. Itakufa.

Nakutumia solenoidi mpya, imo kwenye kitambaa cha bluu. Ya zamani itoe uitupe. Mwambie mama mimi dada yake Margwe nimesema. Kabla hujaibadilisha usiende na gari hilo popote, hata kwa katekista.

Judica


Tumati
27 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Solenoidi mpya imefika, iko juu ya kabati kwenye kitambaa chake. Nilimwambia mama uliyoniagiza. Akajibu kwamba dada yake Margwe anajua njia ya kuja kusema mwenyewe.

Mpira haukuvuta hewa. Niliuangalia tena kabla ya kurudisha tangi, ulikuwa umezama mpaka chini na nilikuwa nimeufunga kwa waya.

Sasa nakuandikia jambo la Jumapili, na naliandika kama lilivyotokea. Pikapu nilikuwa nimeiegesha kwenye mteremko juu ya zizi, gia namba mbili, jiwe chini ya kila tairi la nyuma. Betri niliitoa Jumamosi, iko ndani inachajiwa kwa sola. Dada, soma tena hapo: betri ilikuwa ndani ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Saa nne asubuhi mimi na mama tunasali rozari sebuleni, tukaisikia inawaka.

Tulitoka. Ilikuwa inashuka taratibu, injini inaunguruma, hakuna mtu kwenye usukani. Ilipita katikati ya zizi na choo bila kugusa kitu, ikapita getini, ikakunja kidogo kufuata njia ya korongo. Tluway alikuwa barabarani na ng'ombe wake. Yeye ndiye aliyekuwa ng'ambo siku ile Margwe anachukuliwa na maji. Aliiona inamjia, akawaacha ng'ombe akakimbia, na mpaka leo anamtuma mtoto wa kaka yake kuchunga upande wetu, yeye haji.

Ilisimama kwenye ua wa minyaa, tairi la mbele limeingia mtaroni. Gia ilikuwa imechomoka yenyewe. Injini inaendelea. Mama alifika kabla yangu, na umri wake ule. Alimwambia inatosha, haikuzima. Akainama karibu na taa, akauliza: "Umechoka kunisubiri?" Na sauti ya injini ikashuka, ikawa chini kabisa, inasikika kwa miguu kuliko kwa masikio. Ikabaki hivyo mpaka nilipoingia kuiua kwa njia uliyonifundisha. Ilitetemeka kama mtu aliyeshikwa mabega.

Mama hana shaka tena. Anasema amesikia akiitwa. Tarehe 11 tunakwenda, na magunia ameshaanza kuyashona. Mvua mwaka huu ni kubwa, korongo linapitisha maji kila jioni. Mimi naogopa, lakini nakwambia ukweli, naona nafuu pia. Kama Margwe anataka tumpeleke, basi labda kosa langu amelisamehe.

Joakimu


Nangwa
5 Machi 2025

Joakimu,

Injini ya zamani ya dizeli haihitaji betri ikishawaka. Ikiwa kwenye gia na ikateremka, injini inazungushwa na matairi, inawaka. Ardhi imelowa, mawe yamezama, gari limeteremka. Hakuna aliyeita mtu.

Lakini bila umeme dizeli haipiti kama solenoidi ni nzima. Kwa hiyo naujua ugonjwa wake, na naujua kuliko unavyofikiri. Imeganda wazi leo. Ikipata moto wa safari inaweza kuachia na kufunga ghafla. Utakuwa wapi wakati huo? Utakuwa na nani kwenye kiti cha pembeni?

Msiende. Au ibadilisheni kwanza. Nimeianza barua hii mara tatu, na hii ya tatu naipeleka stendi kabla sijaichana.

Judica


Tumati
16 Machi 2025

Dada Judica, shikamoo.

Nimesoma barua yako, nimemsomea mama. Sitakuficha kwamba nimekasirika.

Ulikuja kwenye mazishi ukasimama nyuma karibu na gari la kukodi, udongo ulipomalizika tu ukaondoka. Arobaini hukuja. Krismasi hukuja. Unatuma maboksi na maagizo: usiende, toa, tupa. Sisi ndio tunaokaa na hiki kitu hapa. Unasema unaujua ugonjwa wake kuliko ninavyofikiri. Basi useme. Kutuambia kutu inaganda na kuachia, hiyo ni kama kutuambia mvua inanyesha. Kila gari la Tumati lina kutu.

Mama anasema wewe unamwogopa Margwe. Nilimwambia hapana. Usiku nikawaza, nikaona labda ndiyo.

Siku hizi anazungumza naye kila nikiwasha. Juzi alimuuliza kama kule alipo kuna baridi. Alimuuliza kama amewaona baba na babu. Mlio unapanda kidogo au unashuka, na mama anaitikia kwa kichwa. Mimi ninajiambia ni dizeli inaingia vibaya. Halafu najikuta nasimama nisikie jibu.

Nilipumzika jana nikiwa nimeegemea mlango wake, nikamwomba msamaha wa lile chujio, kwa sauti, peke yangu nyuma ya zizi. Ndiyo hali niliyofikia. Safari iko palepale, tarehe 11, asubuhi. Kama una neno la maana, Gidabuday anapita Jumanne na Ijumaa.

Joakimu


Nangwa
23 Machi 2025

Joakimu mdogo wangu,

Hii msomee mama yote. Usiruke mstari.

Chujio halikumuua Margwe. Chujio likiziba, gari linadhoofika kwanza. Linakohoa, linakosa nguvu mlimani, linakupa dakika kumi za kugeuza. Tluway alisema kwenye mazishi, mbele yetu wote, kwamba lilikuwa linavuka vizuri kisha likanyamaza mara moja. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilijua palepale kwamba siyo chujio. Wewe ulikuwa umekaa chini ukijipiga kifuani, na mimi nikapanda gari la kukodi nikaondoka.

Ile solenoidi haikuwa mpya. Ilitoka kwenye pampu ya mteja aliyebadilishiwa. Margwe alinipigia Februari, anataka haraka, msimu wa vitunguu umeanza. Nikaipima mezani. Ikiwa ya baridi inafanya kazi kama mpya. Nikaiacha iwashwe huku nikinywa chai, na baada ya dakika arobaini ikapata moto, ikafunga yenyewe. Nikaipima tena, ikafunga tena. Nilijua, Joakimu. Nikaifuta na petroli ikang'aa, nikamwambia hii itakufikisha, baada ya Pasaka nitakupatia nyingine. Pasaka ikapita nikasahau. Kutoka nyumbani mpaka korongoni, na mzigo, ni mwendo wa kama dakika arobaini.

Simu haikuharibika. Siku ile, saa kumi jioni, nilikuwa kwenye mashine ya kupima. Ikaita, nikaona ni Margwe. Nikajua ananiulizia solenoidi, nikaona aibu, nikaiacha. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu, ikaita mpaka mwisho. Nilisema moyoni nitampigia nikimaliza kazi. Saa moja ukanipigia wewe.

Nimeiweka sandukuni tangu siku ile. Haina chaji, haina laini. Nikiwa peke yangu na mashine zimenyamaza naisikia inaita. Inaita mara tatu. Nimekuandikia kwamba hakuna aliyeita mtu, na nilipokuwa naliandika neno hilo nilikuwa naisikia.

Miezi kumi na moja umebeba kosa langu, nami nimekuangalia ukilibeba na nimekutumia nozeli. Sina namna ya kuliandika likawa zuri.

Mwambie mama mkono wa Margwe haukuwa peke yake kwenye kile kidude. Wangu ulikuwemo kabla yake, na ndio ulioharibu. Aruhusu kifunguliwe. Usimpandishe mama kwenye gari lile kabla hakijatoka. Nakuomba kwa jina la baba.

Judica


Tumati
4 Aprili 2025

Dada Judica, shikamoo.

Barua yako nilimsomea mama jioni, nje, yote, mstari kwa mstari. Nilipomaliza nilimwachia karatasi mapajani nikaenda shambani. Nilitembea mpaka giza likaingia. Nilitaka kukupiga, nilitaka kucheka. Lile chujio la kijani nililibeba mwaka mzima, Kwaresima hii nililiungama kwa padre, na wewe ulikuwa unajua. Nimekukasirikia na bado nimekasirika, usije ukadhani kwa sababu naandika shikamoo nimemaliza.

Jumatatu asubuhi mama aliniita akasema kifunguliwe. Alitaka kuanza yeye. Nilimwekea spana, akaishika kwa mikono miwili, akasema samahani mwanangu, akavuta. Nati ililegea kidogo tu, kisha akaniachia mimi.

Dada, ndani hamna kitu. Nimekitoa, nimekipindua, nimekimulika. Ganda lipo, waya upo, pistoni na springi hazimo. Hakuna kutu iliyoganda. Kuna mtu alizitoa, akarudisha ganda, akakaza vizuri. Ndiyo maana haizimi. Haina kitu cha kuizima.

Nilimweleza mama kilichokosekana, kwamba ni kichuma kidogo kama ncha ya kidole, na springi. Akaingia ndani akakaa sana. Alirudi na kitambaa. Nguo za Margwe tulizopewa hospitali hazikutakiwa kuguswa mpaka mwaka uishe, lakini yeye alizigusa usiku wa kwanza, peke yake, akakuta vitu hivyo kwenye mfuko wa shati. Hakujua ni nini. Alidhani ni kitu cha dawa za mganga, akavificha asije mtu akamsema vibaya marehemu.

Kwa hiyo alijua kwamba solenoidi yako ni mbovu, na alijua la kufanya. Wewe ndiye uliyemfundisha, nakumbuka, likizo ile ulipokuja na ovaroli. Ninachokaa nikijiuliza ni lini. Huenda alizitoa siku nyingi kabla, hapa nyumbani, na shati likavaliwa tena. Basi kidude chako hakikumfanya kitu, gari lilimeza maji tu, na mara tatu alizokupigia alikuwa anaomba msaada ambao hata ungepokea usingefika. Au alizitoa palepale. Walipoikuta pikapu boneti ilikuwa wazi, na sote tulisema ni maji yameifungua. Huenda lilizima kama ulivyoandika, akashuka mpaka kiunoni, akakupigia, hukupokea, akafungua mwenyewe, akaweka mfukoni kwa sababu Margwe hatupi kitu, akakaza, na maji yakaja kabla hajarudi kwenye kiti.

Nimepiga hesabu zote mbili kila siku tangu Jumatatu. Ningeweza kukuandikia moja tu kati ya hizo, ile inayokufaa au ile inayoniridhisha mimi, na usingejua kamwe. Nimekuandikia zote mbili kwa sababu nimechoka watu wa nyumba hii kuficha. Sijui ni ipi. Wewe pia hutajua.

Ijumaa ile ya kwanza, alipozima mama alipomwambia, sina maelezo yake. Nawe usinipe.

Leo nimefunga mpya, ile ya kitambaa cha bluu. Nimerudisha betri, nimeunganisha waya, nimewasha. Imewaka vizuri. Mama alisimama mahali pake karibu na taa. Nikazima swichi.

Ikazima. Papo hapo, kama gari la mtu yeyote.

Niliwasha tena nikazima, mara tatu, kila mara ikafa ufunguo ulipogeuka. Mama aliweka kiganja kwenye boneti akamwita. Alisubiri. Akamwita tena, jina lake la nyumbani. Kulikuwa na kuku tu na maji yanayopita mtaroni. Nilitamani kukitoa kile kidude na kumrudishia mlio wake, nakuapia, mkono ulishafika kwenye spana. Akanizuia.

Kisha akakaa chini, kwenye matope, akalia. Siku ya mazishi hakulia, unakumbuka watu walivyosema. Leo amelia mpaka majirani wamekuja getini, na wameingia, dada, wote wameingia ndani ya boma, Tluway pia, hakuna aliyekumbuka siku zilizobaki. Safari ya korongoni hajaitaja tena. Aliponyanyuka alijipangusa uso, akaniambia nichukue kalamu.

"Mwandikie Judica. Mwambie mdogo wake amekufa leo, aje tuzike."

Joakimu